Kuondoa Ukoloni Katika Maarifa ya Saikolojia: Mwongozo wa Kuanzia kwa Anayeulizwa

Katika miaka ya 1960 watafiti kutoka Marekani walikwenda Liberia kuchunguza namna wakulima wa kabila la Kpelle wanavyofikiri. Waliwawekea vitu 20 mbele yao, vyakula, nguo, zana na vyombo vya kupikia, wakawaomba wavipange katika mafungu ya vitu vinavyokwenda pamoja. Mkulima alichukua kisu akakiweka na chungwa, akachukua jembe akaliweka na kiazi, kwa maelezo kwamba kisu ndicho kinachokata chungwa na jembe ndilo linalochimba kiazi. Kwa mizani ya nadharia ambazo watafiti walikwenda nazo, huo ulikuwa upangaji wa kitoto, kwa kuwa mtu mzima alitarajiwa kuweka chakula na chakula, zana na zana. Wakulima walieleza tena na tena kwamba hivyo ndivyo mtu mwenye busara angefanya. Mwishowe mtafiti, akiwa amekwisha kukata tamaa, akauliza: je, mpumbavu angepangaje? Mara vitu vikapangwa katika mafungu manne yaliyonyooka, chakula na chakula, nguo na nguo, kama kitabu kilivyotaka.

Kati ya jibu la kwanza na la pili, akili ya mkulima ilikuwa ileile. Lililobadilika ni swali. Kama mtafiti angefunga daftari lake dakika chache mapema, dunia ingesoma kwamba watu wa Kpelle hawajui kuainisha vitu, na huenda tungekuwa tunalifundisha hilo hadi leo.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa saikolojia, mwalimu wake, mtafiti, na mshauri nasaha anayetumia vipimo vilivyotungwa mbali na watu anaowahudumia. Ninapoandika kuondoa ukoloni ninamaanisha jambo linaloweza kufanywa kwa mikono: kumrudishia anayeulizwa haki ya kujibu kwa maneno yake, haki ya kulikataa swali, na haki ya kuuliza la kwake. Kazi hiyo hufanyika mezani, dhana moja baada ya nyingine, kifaa kimoja baada ya kingine. Tamko kubwa lisilogusa hata hojaji moja halimsaidii mtafitiwa, hata likiandikwa kwa uchungu wa kweli.

Chagua dhana moja, uifuate hadi ilikozaliwa

Usianze na saikolojia nzima, kwa maana mtaka yote hukosa yote. Chukua dhana moja unayoitumia kila siku darasani au kliniki, iwe kujithamini, akili, ukomavu, au uhusiano wa mtoto mchanga na mlezi wake, kisha utafute maandishi ya mwanzo yaliyoipa umbo ililo nalo sasa. Andika kwenye karatasi ilitungwa wapi na mwaka gani. Waliotazamwa au kuulizwa walikuwa akina nani. Tatizo lililokuwa likitatuliwa lilikuwa la nani. Na ni nani aliyeamua kwamba inawahusu na watu wengine. Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu mara nyingi utakuta hakuna aliyeamua. Dhana ilisambaa tu, ikinukuliwa kutoka kitabu hadi kitabu, mpaka mahali ilipozaliwa pakasahaulika na ikaanza kuitwa tabia ya binadamu.

Ukubwa wa tatizo hili umekwisha kupimwa. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia makala za mwaka 2003 hadi 2007 katika majarida 6 ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, na mwaka 2008 akachapisha kwamba asilimia 68 ya sampuli, yaani makundi ya watu waliochunguzwa, zilitoka Marekani na asilimia 96 zilitoka katika nchi za viwanda za Magharibi, ambazo kwa pamoja zina takriban asilimia 12 ya watu wote duniani. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wakaonyesha kwamba watu hao wachache, tena mara nyingi wanafunzi wa vyuo vikuu, hutofautiana na sehemu kubwa ya wanadamu hata katika mambo yaliyodhaniwa kuwa ya msingi kabisa, kama vile namna jicho linavyokadiria urefu wa mistari miwili. Mwalimu anayefundisha kwa kitabu cha kiada atafanya vyema kuwapa wanafunzi takwimu hizi mwanzoni mwa muhula, kisha kuwataka waandike pembeni ya kila utafiti unaotajwa kitabuni sampuli yake ilitoka wapi. Zoezi hilo ni dogo na lina nguvu kuliko mihadhara mingi.

Wakati mwingine ufuatiliaji huu huleta mshangao. Nadharia ya uhusiano wa mtoto mchanga na mlezi, ambayo leo hufundishwa kama mali ya maabara za Marekani, ina mzizi wake Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa huko mwaka 1954 na 1955, akitembelea familia 26 za Waganda majumbani mwao na kutazama watoto wakilelewa katika maisha ya kawaida. Baadaye, akiwa Baltimore, alitunga utaratibu wa maabara wa takriban dakika 20 ambamo mama humwacha mtoto na mgeni, akatoka, kisha akarudi. Utaratibu huo ndio uliogeuka rula ya dunia nzima. Ulipopelekwa Japani, watafiti walilazimika mara nyingine kukatisha vipindi kwa sababu watoto ambao hawakuzoea kuachwa walilia kupita kiasi, na kilio hicho kikahesabiwa kuwa alama ya uhusiano usio salama. Fikiria safari hiyo: ujuzi uliozaliwa kwa kukaa na watu nyumbani kwao uliingizwa chumbani kwa dakika 20, halafu ukarudi kuwahukumu watu wengine majumbani kwao. Unapoifuata dhana yako, angalia hasa hatua ambayo utazamaji mrefu ulibadilishwa kuwa kipimo kifupi, kwa maana hapo ndipo mazingira hudondoka njiani.

Isome historia ya fani kama ushahidi

Wapo wanaoona historia ya saikolojia ya kikoloni kuwa jambo la aibu lililopita, la kutajwa katika dibaji na kuachwa. Mimi ninashauri isomwe kama ushahidi wa namna makosa yanavyotengenezwa, kwa sababu waliokosea walikuwa na shahada, majarida na lugha ya kisayansi.

J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari huko Nairobi, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, na akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata, vita vya Mau Mau vikiendelea, aliandika kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Kenya maelezo ya kisaikolojia juu ya waasi, na madai yao ya ardhi na uhuru yakageuzwa kuwa dalili za watu waliovurugwa na mabadiliko. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, mwaka 1851, daktari wa Marekani Samuel Cartwright alikwisha kubuni ugonjwa aliouita drapetomania, ambao dalili yake ilikuwa mtumwa kumtoroka bwana wake. Na Hendrik Verwoerd, aliyekuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia 1958 hadi 1966 na mmoja wa wajenzi wakuu wa ubaguzi wa rangi, alikuwa profesa wa saikolojia kabla ya kuingia katika siasa.

Kutokana na visa hivyo jiwekee swali la kudumu la kuuliza unaposoma utafiti wowote: je, kuna kitendo cha kukataa, kugoma, kunyamaza au kukimbia ambacho kimepewa jina la ugonjwa au upungufu? Mwanafunzi anayekataa kujibu, mgonjwa asiyerudi kliniki, kijana anayemtilia shaka mtafiti, kila mmoja anaweza kuwa na sababu ambayo hojaji haikuiwekea nafasi.

Kuna funzo la pili, ambalo wengi hulipita. Saikolojia ya kikoloni ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja ulisema watu wote wapimwe kwa Mzungu, na asiyefika apewe sifuri. Uso wa pili ulisema Mwafrika ni kiumbe tofauti kabisa, mwenye akili ya namna yake isiyolingana na ya wengine. Carothers aliuvaa uso wa pili. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuondoa ukoloni ni kutangaza tofauti tu, yuko hatarini kurudi nyumba ileile kwa mlango wa nyuma.

Keti na hojaji, neno kwa neno

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hojaji ndiyo nadharia inapokutana na mtu uso kwa uso.

Chukua kipimo cha kujithamini cha Morris Rosenberg, kilichotolewa mwaka 1965 kutokana na utafiti wake kwa wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York. Kina sentensi 10, na kwa kila sentensi mtu huchagua kama anakubali kabisa, anakubali, hakubali, au hakubali kabisa. Sentensi mojawapo, ikitafsiriwa kwa uaminifu, husema: "Ninahisi sina mengi ya kujivunia." Anayekubali hupunguziwa alama, na anayekataa kwa nguvu huongezewa.

Sasa isome sentensi hiyo kwa sikio la Kiswahili. Kujivunia kumetoka katika kujivuna, na majivuno ni tabia inayokemewa. Ni kweli mtu husema anajivunia nchi yake au mwanawe bila kosa, lakini akianza kuhesabu mengi ya kujivunia juu ya nafsi yake mwenyewe, wanaomsikiliza humtazama kwa jicho jingine. Mtu mzima aliyelelewa kwa unyenyekevu ataisoma, ataona kwamba jibu la heshima ni kukubali, atakubali, na kipimo kitamwandikia kwamba hajithamini. Amepoteza alama kwa sababu ya malezi mema.

Nenda kwenye sentensi nyingine, ile isemayo kwamba mtu anajiona ana thamani sawa na wengine. Kitenzi cha kwanza kinachomjia mfasiri ni kujiona, na pengine kujisikia. Lakini katika mazungumzo ya kawaida, tunaposema "yule anajiona" au "yule anajisikia sana", tunalalamika juu ya kiburi chake. Lugha imekwisha kutoa hukumu kabla mtafitiwa hajafikia neno thamani. Mfasiri anaweza kuepuka kwa kuandika "najua kwamba nina thamani", lakini hapo amebadilisha hisia kuwa ujuzi, na alama za mtu huyo hazilingani tena na za yule wa New York.

Njia iliyozoeleka ya kukagua tafsiri ni tafsiri rejeshi, yaani mtu wa pili kuirudisha sentensi katika lugha ya mwanzo ili zilinganishwe. Njia hiyo ina faida, na sisemi iachwe. Hata hivyo sentensi zote mbili nilizozitaja zitarudi Kiingereza zikiwa safi kabisa na kupita bila swali, kwa sababu tafsiri rejeshi hukagua maana ya neno, huku uzito wa neno hilo masikioni mwa watu ukibaki nyuma bila kukaguliwa.

Ninashauri ufanye hivi. Kabla ya kukusanya hata jibu moja la kuhesabiwa, keti na watu 6 au 8 wa aina ile unayokusudia kuwahoji, mmoja mmoja, umsomee kila mmoja sentensi kwa sauti na kumuuliza mambo matatu: sentensi hii inasema nini kwa maneno yako, ni mtu wa namna gani angeisema, na ungemwonaje mtu anayeikubali kabisa. Swali la tatu ndilo linalofichua mengi, kwa sababu linamwondolea anayejibu mzigo wa kujieleza yeye mwenyewe na linaleta mezani hukumu ya jamii. Andika majibu kama yalivyotamkwa, pamoja na kicheko, kimya na kusitasita. Mtu akijibu "inategemea", usimlazimishe kuchagua. Muulize inategemea nini, na uandike. Hojaji haina kisanduku cha jibu hilo, ilhali hapo pengine ndipo nadharia mpya inapoanzia.

Baada ya hapo utakuwa na sentensi zinazofaa, zinazohitaji kuandikwa upya, na zisizofaa kabisa. Za mwisho zitupe, hata kama mhariri wa jarida atalalamika kwamba kipimo "kimeharibiwa". Kipimo kinachomwadhibu mnyenyekevu kilikuwa kimeharibika tangu kilipoletwa. Katika ripoti eleza wazi umeondoa nini na kwa nini, na uweke maneno ya watu yaliyokushawishi, ili mwingine aweze kukupinga kwa ushahidi.

Mtu akishindwa, kikague kifaa kwanza

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili, alifika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria mwaka 1953. Alileta njia mpya za tiba alizojifunza Ufaransa: mikutano ya wagonjwa na wauguzi, sherehe, filamu, gazeti la wodi. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vizuri. Katika wodi ya wanaume Waislamu wa Algeria yalikwama kabisa. Katika hali hiyo wengi wa zama zake wangesema wagonjwa hao hawatibiki, na shule ya tiba ya akili iliyotawala Algiers ilikuwa tayari na maelezo ya namna hiyo. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay, katika makala ya mwaka 1954, waliandika kwamba kosa lilikuwa lao, kwa kuwa walidhani wangeweza kuupachika mfumo wa Magharibi juu ya jamii ambayo hawakujitahidi kuielewa. Wakafungua mkahawa ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi.

Mwaka 1956 Fanon na Charles Geronimi walieleza yaliyotokea walipotumia jaribio la picha kwa wanawake Waislamu. Katika jaribio hilo mtu huonyeshwa picha za watu na mazingira, akatakiwa kuzitungia hadithi, na hadithi hiyo huchukuliwa kama dirisha la nafsi. Wanawake hawa waliorodhesha walichokiona bila kutunga chochote. Watafiti hawakuhitimisha kwamba hawana ubunifu. Walihitimisha kwamba picha zile zilibeba ulimwengu ambao wanawake hao hawakuwa na nafasi ndani yake.

Namna ya kuligeuza funzo hili kuwa utafiti unaohesabika ilionyeshwa na mwanasaikolojia Robert Serpell. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa kukunja waya, ambao watoto wengi wa Zambia waliuzoea kwa kuundia vigari vya kuchezea, watoto wa Zambia waliwashinda. Na kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Angetumia karatasi peke yake, angeandika kwamba watoto wa Zambia wana upungufu wa kuona maumbo. Chukua kanuni hiyo: uwezo wowote unaotaka kuupima, upime kwa njia zisizopungua mbili, na angalau moja iwe ile ambayo watafitiwa wako wameizoea kuliko wewe. Matokeo yakigeuka pamoja na njia, usiripoti upungufu wa mtu.

Kusanya maneno kabla ya kutunga kipimo

Kuukosoa urithi wa wengine bila kujenga cha kwako ni kubaki mgeni katika fani. Ujenzi huanzia katika maneno ambayo watu hutumia bila kuombwa.

Serpell alipowauliza watu wazima wa vijiji vya Wachewa mashariki mwa Zambia ni mtoto gani ana akili, neno lililojitokeza lilikuwa nzelu. Ndani yake mlikuwa na wepesi wa kuelewa, na pia tabia iliyotajwa kwa kitenzi tumikila: mtoto anayeweza kutumwa, akaaminiwa kwamba atafika na atafanya lililotakiwa. Msomaji wa Kiswahili anasikia mara moja undugu wa neno hilo na kutuma na kutumika. Mtoto mwepesi asiyeaminika hakuhesabiwa kuwa na nzelu iliyokamilika. Vipimo vya akili vya shule havina hata swali moja juu ya kuaminika, na anayetaka kusema kwamba kuaminika si akili inampasa atoe hoja badala ya kuegemea mazoea ya vipimo vyake.

Nchini Zimbabwe watafiti walianza na neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo watu walilitumia wenyewe kueleza maumivu yaliyo karibu na kile ambacho vitabu huita sonona na wasiwasi. Kutokana na maneno ya namna hiyo kilitungwa kipimo cha maswali 14 katika Kishona. Juu ya msingi huo daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambamo akina bibi waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Jina la awali lilitaja afya ya akili. Akina bibi walisema hakuna atakayekuja kuketi kwenye benchi lenye jina hilo, na likabadilishwa. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare kwa washiriki 573, na kuchapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba waliohudumiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mbinu ya kutatua tatizo hatua kwa hatua iliyotumiwa haikubuniwa Zimbabwe. Ilichukuliwa, ikapewa majina ya Kishona yenye maana ya kufungua akili, kuinua na kuimarisha, na ikawekwa mikononi mwa watu wenye mamlaka ya kuibadilisha.

Wewe nawe unaweza kuanza kwa kuwaomba watu 20 au 30 wakutajie kila neno wanalolijua kwa hali moja, kwa mfano moyo kuwa mzito, kisha kuwaomba wengine wayagawe maneno hayo kama wanavyoona inafaa, bila wewe kuwapa majina ya mafungu. Usiharakishe kuyalinganisha na orodha ya magonjwa. Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Virgilio Enriquez na wenzake nchini Ufilipino, walioanza katika miaka ya 1970 kujenga saikolojia ya Kifilipino kwa lugha yao, waliipokea kama mbinu halali ya utafiti ile desturi ya kuulizauliza, ambayo kwa lugha yao inaitwa pagtatanong-tanong: maswali ya mazungumzo yanayorudiwarudiwa, ambamo anayeulizwa naye huuliza. Walisisitiza pia kwamba ubora wa jibu unategemea kiwango cha uhusiano kati ya wawili hao, jambo ambalo kila aliyewahi kumjibu mgeni kwa adabu bila kumweleza lolote analifahamu.

Jihadhari na sifa zinazofunga

Kosa linalonisikitisha zaidi katika maandishi ya ukombozi ni lile la kumsifu mtu hadi kumfunga. Tunaandika kwamba Mwafrika, au Mwasia, au mwenyeji wa visiwa fulani, hana "mimi" bali "sisi" tu, kwamba yeye ni wa jamii na Mzungu ni wa nafsi yake, halafu tunajenga nadharia juu ya sentensi hiyo bila kumuuliza mtu yeyote. Huo ni ule uso wa pili wa Carothers, umepakwa rangi ya pongezi. Msichana anayetaka kukataa uamuzi wa ukoo, au kijana anayelala macho kwa sababu ya jambo asiloweza kumwambia ndugu yeyote, hana pa kusimama ndani ya nadharia hiyo.

Usitafute pia usafi wa asili. Kiswahili chenyewe kinatufundisha: nafsi, roho na akili ni maneno yenye asili ya Kiarabu, moyo ni la Kibantu, na hakuna mzungumzaji anayehisi mpaka kati yake anapoeleza yaliyompata. Kigezo cha dhana kisiwe umbali ilikotoka, kiwe kama wanaoitumia wanaweza kuigeuza, kuikataa na kuiongezea. Na mapokeo yoyote yanayosifiwa yaulizwe maswali yaleyale uliyoiuliza dhana ya New York: yalitungwa na nani, yanamfaidi nani, na nani hakuruhusiwa kusema.

Haki juu ya majibu

Hapa ni suala la utaratibu, na halihitaji maneno mengi. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, baada ya miaka mingi ya kuchunguzwa na kila aina ya mtafiti, walitoa mwaka 2017 kanuni zao za maadili, zinazodai heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu. Kabla ya kuanza utafiti, kubaliana kwa maandishi na watu unaowahoji nani atatunza rekodi, nani atasoma rasimu kabla ya kuchapishwa, nini kitatokea wakikataa tafsiri yako, na matokeo yatawafikia kwa lugha gani. Anayekusaidia kuelewa maneno hadi dhana ikapatikana ni mwandishi mwenza, wala hapaswi kuishia kwenye mstari wa shukrani. Ikiwa hamkukubaliana juu ya maana ya jambo fulani, chapisheni maelezo yote mawili.

Kuna jambo moja la kuandika vichwa vya makala ambalo unaweza kulitekeleza leo. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Marekani huitwa "Kumbukumbu na hisia". Uliofanywa Zambia huitwa "Kumbukumbu na hisia miongoni mwa watoto wa Zambia". Mmoja umepewa haki ya kuwa wa binadamu wote, mwingine umebakizwa kijijini. Unapohariri, unapofundisha, na unapotaja utafiti wa mwingine katika maandishi yako, taja watu na mahali katika kila utafiti bila ubaguzi, na wa kwanza uwe ule ambao kichwa chake hakikutaja mtu yeyote.